Mjadala: Mkopo wa vijana ununue kompyuta ya ifekti, au tuanze na kamera?

Mwana Area D
Wadau wa filamu Dodoma, nalileta hapa tulijadili. Vijana wanaomba ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana, na maandiko ya miradi ya filamu ninayoyaona yanatanguliza kompyuta kubwa ya ifekti, yaani ya kuunda picha ambazo kamera haikuzipiga. Mimi napinga: tuanze na kamera na somo la mwanga.

Juzi nimeangalia kipande kilichopigwa kwenye mawe yetu haya, simba anamrukia kijana. Simba katengenezwa vizuri, hadi manyoya yanatikisika. Lakini kijana kapigwa saa saba mchana, kivuli chake kiko miguuni; cha simba kimelala pembeni, kirefu, kama cha saa kumi na moja jioni. Watu wakacheka mahali pa kuogopa. Kompyuta ya bei gani itatibu hilo?

Tunaowaiga walianza na mikono. Georges Méliès wa Ufaransa alikuwa mtu wa mazingaombwe: anasimamisha kamera, anamtoa mtu, anaendelea kupiga, na mtazamaji anaona mtu katoweka. Mwaka 1902 filamu yake ikapeleka watu mwezini kwa mapazia ya kuchora. Hata filamu ya Jurassic Park ya 1993, tunayoisifia kwa kompyuta, sehemu kubwa ya dinosaria wake ni midoli mikubwa ya mashine ya fundi Stan Winston. Wa kompyuta ni dakika chache tu.

Dada wa Nkuhungu
Kaka, kwenye kivuli nakubali, kwenye mkopo hapana. Mkopo unarejeshwa. Somo la mwanga litatoa wapi fedha ya rejesho la mwezi? Kompyuta inaediti harusi wikiendi, Jumatatu inatengeneza tangazo. Na programu si gharama: Blender, ya kutengenezea katuni na ifekti, ni ya bure, na Flow, filamu ya katuni ya Latvia iliyotengenezwa nayo, ilichukua Oscar mwaka 2025.

Mwana Area D
Hoja ya rejesho ni nzito, dada. Ila kompyuta haihakikishi kipato. Rhythm & Hues, kampuni ya ifekti ya Marekani, ilikuwa na mitambo na wataalamu tele, ikaomba kufilisiwa Februari 2013, siku chache kabla kazi yake kwenye filamu ya Life of Pi haijapewa Oscar ya ifekti.

Fundi wa Kondoa
Wadogo zangu, mnatenganisha kazi ambayo ni moja. Filamu ya Godzilla Minus One ya Japani ilishinda Oscar ya ifekti mwaka 2024 ikiwa na timu ya ifekti ya watu 35 tu, waliotengeneza vipande 610 vya ifekti. Mwongozaji Takashi Yamazaki ndiye aliyesimamia ifekti mwenyewe. Akiwa kwenye kamera anajua tayari kompyuta itaongeza nini na mwanga utoke wapi. Kwetu mpiga picha anakabidhi kadi ya kamera, anaondoka; mhariri anabaki kubahatisha jua lilikuwa upande gani.

Kwa hiyo mimi ningeomba kompyuta ya wastani, taa mbili, na sharti moja: mhariri aende eneo la kupigia picha. Kuna kikundi hapa ambacho andiko lake la mkopo wa filamu lilishapita? Mtuwekee vipengele vya bajeti tuvione.