Tupeane uzoefu: Maktaba za programu zilizogongana ulipoongeza huduma ya barua pepe kwenye mfumo

Ndugu wadau, nawasalimu kutoka Kijitonyama. Naomba kila aliyewahi kukesha kwa sababu ya maktaba za programu (msimbo ulioandikwa tayari na wengine, unaouongeza kwenye mfumo wako) kugongana, ilhali alichotaka ni mfumo wake utume barua pepe tu, aeleze kisa chake, ujumbe wa kosa aliouona na namna alivyolimaliza. Naanza na changu.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, ambao ulipaswa kuwatumia wanachama taarifa za akaunti zao kila mwisho wa mwezi. Uliandikwa kwa Java 8 na kuendeshwa kwenye Tomcat 9, seva inayoendesha mifumo ya wavuti ya Java, nasi tuliamua kwamba mipangilio ya barua pepe, yaani anwani ya seva, jina na nywila, ikae kwenye Tomcat yenyewe ili isionekane ndani ya msimbo. Jaribio dogo kwenye kompyuta yangu lilikubali. Kwenye seva nikapokewa na sentensi hii: javax.mail.Session cannot be cast to javax.mail.Session. Niliisoma mara tatu nikitafuta herufi iliyotofautiana, nisiione. Ni kama kuambiwa kwamba Asha si Asha.

Kumbe Java haitambui klasi (kipande cha msimbo chenye jina lake, kama hiyo Session inayobeba mipangilio ya barua pepe) kwa jina pekee, bali kwa jina pamoja na kipakiaji, yaani sehemu ya Java iliyoisoma kutoka kwenye faili na kuileta. Maktaba ya barua pepe ilikuwapo mara mbili: nakala moja katika folda ya lib ya Tomcat, ambako haina budi kuwapo ikiwa Tomcat ndiyo inayounda Session, na nyingine katika WEB-INF/lib, folda ya maktaba za mfumo wetu wenyewe. Tomcat ikaunda Session kwa nakala yake, na mfumo, ambao hutafuta klasi kwanza ndani yake wenyewe kabla ya kwenda kwenye lib, ukaikataa kwa kuwa haukuitambua. Nikaiwekea maktaba hiyo alama ya provided (yaani seva inayo tayari, isifungashwe na mfumo) katika pom.xml, faili la mipangilio la Maven, chombo tunachojengea mradi, nikajenga upya, kosa likabaki palepale. Hapo nilipoteza siku nzima, umeme nao ukikatika na kurudi, hadi nilipoendesha mvn dependency:tree, amri inayoorodhesha maktaba zote na kila moja imeletwa na nani, na kugundua kwamba maktaba ya kutengeneza ripoti ilikuwa inakuja na nakala yake ya zamani, javax.mail:mail, wakati mimi nilikuwa nimeishughulikia com.sun.mail:javax.mail. Kwa Maven hayo ni majina mawili tofauti, hivyo haikuona mgongano wowote. Nikaizuia hiyo ya zamani kwa exclusion (agizo la kuiacha nje) katika pom.xml, nikafuta folda ya zamani ya mfumo iliyobaki ndani ya webapps, ambako Tomcat huweka mifumo inayoiendesha, na taarifa ya kwanza ikafika saa 3 usiku.

Mdau wa Tabata:
Changu ni cha aibu kidogo. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo niliandika kwa Python faili la kutuma barua, nikaliita email.py. Kila nilipoliendesha nilijibiwa: No module named 'email.utils'; 'email' is not a package. Python huanza kutafuta katika folda ya faili linaloendeshwa, kwa hiyo smtplib, maktaba ya Python ya kutuma barua, ilipoiita maktaba ya email inayokuja na Python yenyewe, ilikutana na faili langu. Nilisakinisha Python upya mara mbili kabla ya dada wa meza ya jirani kupita, akatazama jina la faili, akacheka. Nikaliita tuma_barua.py.

Mdau wa Mbezi Beach:
Kwangu kilichoniponza ni jina kubadilika. Java EE, mkusanyiko wa viwango vya Java kwa mifumo ya seva, ilipohamia taasisi ya Eclipse Foundation na kuitwa Jakarta EE, jina la javax halikuruhusiwa kuendelezwa, na toleo la Jakarta EE 9 la mwaka 2020 likabadilisha javax.mail kuwa jakarta.mail. Mtego ni kwamba com.sun.mail:jakarta.mail toleo la 1.6 bado lina klasi za javax.mail ndani yake, ingawa linaitwa Jakarta. Jina la ndani lilibadilika kuanzia 2.0. Mimi, kwa kupenda vipya, niliandika 2.0.1 kwenye mradi wa Spring Boot 2 (kiunzi cha kutengenezea mifumo ya Java), ambao bado unatafuta javax.mail, nikapata NoClassDefFoundError, yaani klasi haikupatikana. Dawa ilikuwa kuufuta mstari wa toleo nilioongeza na kuiacha Spring Boot ichague yenyewe. Anayehamia Spring Boot 3 au Tomcat 10 atakutana na kinyume chake: huko kinachotafutwa ni jakarta.mail.

Mdau wa Temeke:
Mimi ni wa Laravel, kiunzi cha kutengenezea mifumo kwa PHP. Kutoka toleo la 8 kwenda 9, maktaba yake ya barua pepe, Swift Mailer, iliondolewa ikawekwa Symfony Mailer, na kifurushi chetu cha kutuma ankara kilichoitegemea Swift Mailer kikakataa kabisa kusakinishwa na Composer, chombo cha kusakinisha maktaba za PHP. Tulikiandika upya kwa siku mbili. Sasa nimekabidhiwa mfumo wa Java wenye nakala nyingi za maktaba hizi, na sijui ni ipi hasa inayotumika. Nifanyeje?

Mwanzisha mada:
Ndugu wa Temeke, usikisie. Weka mstari huu kwa muda ndani ya mfumo wenyewe, karibu na pale barua inapotumwa:

System.out.println(MimeMessage.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation());

Uendeshe kwenye seva, si kwenye kompyuta yako, kisha fungua catalina.out, faili la kumbukumbu za Tomcat, utaona njia kamili ya faili la jar (faili linalobeba maktaba ya Java) lililotumika. Kwangu mstari huo ulionyesha WEB-INF/lib, mahali nilipokuwa nimeapa mbele ya bosi kwamba hapana kitu. Utakachokiona ukilete hapa, pamoja na toleo la Tomcat unalotumia.