Mjadala: Fildi ya wiki nane iongezwe, au tumlipe anayefundisha?

Mtoa mada (Iyunga, Mbeya):
Wakuu, msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa vyuo, umeingia. Ukipita ofisi na karakana kuanzia Mwanjelwa mpaka Tunduma utawakuta vijana wa chuo wamekaa kwenye benchi, bahasha ya kaki mapajani, wanasubiri kuambiwa "njoo Jumatatu". Na kila msimu inarudi hoja ileile: wiki nane hazitoshi, fildi iwe muhula mzima, wengine wanasema mwaka. Mimi naipinga, na natafuta wa kunipinga.

Pale anapopelekwa huyo kijana, nani amepewa kazi ya kumfundisha? Daktari akimaliza chuo ana mwaka wa utarajali hospitalini, chini ya daktari anayewajibika kwa ajili yake. Mhandisi mhitimu ana SEAP, mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003: miaka mitatu, na msimamizi ni mhandisi aliyesajiliwa, siyo yeyote aliyekuwepo ofisini siku hiyo. Hao wote ni baada ya shahada. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu, mipango au TEHAMA anakabidhiwa nani? Anakabidhiwa meza tupu. Nimewahi kushika logibuku, daftari la kazi za kila siku za fildi, ya ofisi moja hapa mjini: wiki nne mfululizo "kupanga mafaili", ya tano "kupanga mafaili, inaendelea", na sahihi zote za msimamizi zimepigwa kwa kalamu moja, siku moja. Tukimpa huyo mwaka mzima, tutapata mafaili yaliyopangwa vizuri sana.

Kwa hiyo wiki zibaki nane, pesa iende kwa fundi au mhasibu anayefundisha. Alipwe posho, na alama yake iwe nzito kuliko ya mhadhiri anayepita mara moja kusaini na kuondoka.

Mwenye kiwanda (Mafinga):
Mtoa mada, umewahi kupokea wanafunzi au unawaona tu kwenye benchi?

Mimi natengeneza karatasi za mbao za plaiwudi. Wiki mbili za kwanza namfundisha kijana mahali pa kusimama, asivae shati linaloning'inia karibu na roli, asiruke juu ya mkanda unaotembea. Ya tatu anajua majina ya watu na mashine. Akianza kunifaa anaaga. Halafu unasema wiki hazina shida?

Msimu uliopita mota ya mashine inayomenya magogo iligoma, kila ukiwasha, ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) inaruka. Nilikuwa na kijana wa umeme, mwaka wa tatu, akachomoa simu atafute. Fundi wangu, mzee wa darasa la saba, akamwambia weka simu mfukoni, zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo ukae kwako, ndipo ufungue boksi. Wakakuta waya mmoja wa fezi umelegea kwenye kontakta, swichi inayowasha mota, umeungua mweusi tii. Mota ilikuwa inahangaika na fezi mbili badala ya tatu. Mzee aliijua dalili hiyo miaka mingi, ila sababu ya ovalodi kuruka fezi moja ikikatika alielezwa na yule kijana, kwa mchoro wa chaki sakafuni. Toka siku hiyo hawakuachana. Hiyo ilikuwa wiki ya saba! Wiki ya nane nikamsainia akapanda basi.

Na posho yako ni hatari. Ukiweka pesa hapo kuna ofisi zitapokea wanafunzi arobaini ambao hawana hata kiti. Mimi nalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kama kila mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi. Nipunguzieni hapo kwa kila mwanafunzi ninayemfundisha kweli, tutaelewana.

Mhadhiri (Iringa):
Kamwene wakuu. Huyo anayepita mara moja kusaini ni mimi. Wanafunzi wangu msimu mmoja wako Makambako, Njombe, Songea, wengine Dar, na fedha ya safari inatoka kwa kubembeleza. Nikimfikia kila mmoja mara moja, chuo kinanihesabia kuwa nimefanya kazi nzuri.

Lakini nyote wawili mnatibu kidole wakati tumbo ndilo linauma. Kumbukeni matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), Oktoba 2022: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe, huyu wa kwetu Kyela. Wale 633 walikuwa na shahada, na pale waliletwa mahsusi kwa mafunzo ya vitendo. Mimi nasahihisha insha za mwaka wa kwanza hapa Iringa. Kijana hawezi kuandika aya moja inayoshuka kutoka kwenye hoja hadi kwenye uamuzi, na darasa lina watu mia mbili, nimsaidie saa ngapi? Ukimpeleka kwa wakili hata miezi sita, wakili atamtuma fotokopi, na sitamlaumu.

Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, umekuja na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vyetu. Majengo yanaonekana. Mitaala nayo inapitiwa upya pamoja na waajiri, na hilo ndilo ningependa tulibishanie kuliko hesabu ya wiki.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu (Mbeya):
Shikamooni. Ninyi mnabishana kuhusu wiki, mimi nabishana na mwenye nyumba. Sina mkopo, kwa hiyo posho ya fildi ya Bodi ya Mikopo hainihusu. Nasoma mambo ya chakula, na ningependa kwenda kwenye chai Mufindi au parachichi Njombe. Nimefanya fildi stoo ya vifaa vya ujenzi kwa sababu iko jirani na kwa shangazi. Darasani kwetu ukimuuliza mtu kwa nini alienda sehemu fulani, jibu ni "nina ndugu huko".

Msomaji (Tukuyu):
Fildi mwaka, fildi wiki, wote mnaishia kwenye foleni moja ya usaili. Ajira ziko wapi?

Mtoa mada:
Wa Tukuyu, huo ni uzi mwingine, ufungue tutakuja.

Binti, marahaba. Hoja yako ndiyo imenigusa kuliko zote, maana inaua hata pendekezo la mwaka mzima: wiki nane tu zimekupeleka stoo, mwaka ungekupeleka wapi? Fungu la makazi liwepo kwa anayekwenda mahali panapoendana na kozi yake, mwenye mkopo na asiye nao.

Mheshimiwa mhadhiri, sikubali. Yule kijana wa Mafinga alichora chaki sakafuni, ina maana darasani alifundishwa akaelewa. Alichokosa ni mzee wa kumwambia apige kufuli kwanza.

Mafinga, nafuu ya SDL naichukua, ila itaishia kwenye vitabu vya kampuni. Yule mzee atapata nini? Naweka hivi: wanafunzi watatu kwa fundi mmoja, asizidishe, wewe upate nafuu ya tozo, mzee apate posho mkononi na yeye ndiye atoe alama. Unakataa wapi?

Mwenye kiwanda (Mafinga):
Watatu sawa. Posho kwa mzee sawa, anastahili. Alama hapana. Mwaka juzi nililetewa kijana wa mkubwa mmoja wa hapa kwetu, alikuwa anafika saa nne na kuondoka saa saba. Nilimwandikia "mahudhurio mazuri" kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu magogo yangu yanapita kwenye geti la baba yake.