Afriski mwezi Julai: taarifa ya asubuhi ya theluji na lifti inasomwaje kabla ya kupanda mlima?

Nzuguni_B

Wakuu habari za leo. Tuko sita kutoka Dodoma, Julai tunaenda Afriski, kituo cha michezo ya theluji kule Lesotho, kuteleza na skii (zile mbao mbili nyembamba za kufunga miguuni) kwa siku tatu. Wanne hawajawahi kukanyaga theluji, wawili wanajua kiasi. Malazi tumeyapata Butha-Buthe, mji wa chini, kwa hiyo kila asubuhi itabidi tuamue: tupande au tuache. Ukishafika juu na kukata tiketi, hela imeondoka.

Taarifa yao ya kila siku inataja sentimita za theluji, joto, upepo, na lifti zilizo wazi, yaani mitambo ya kupandisha watu juu ya mteremko. Sasa:

1. Namba ipi hasa ndiyo ya kuamulia?
2. Mbona kuna siku sentimita ni zilezile za jana lakini lifti imeandikwa "on hold"?
3. Mashine za kutengeneza theluji kuna usiku wa baridi kabisa zinazimwa. Kwa nini?
4. Tufike juu saa ngapi?

Gari tutakodi Johannesburg, gari ndogo ya kawaida.

---

Balbu_Nyevu

Sentimita ziweke mwisho, mkuu. Ile namba ni unene wa theluji iliyolala, tena umepimwa sehemu moja mbili. Haisemi uso wa juu ukoje leo. Cm 40 zilizosawazishwa usiku na mashine ni safi kabisa. Cm 40 hizohizo zikiyeyuka mchana, zikaganda usiku bila kuguswa, ni barafu ngumu inayokataa makali ya skii. Na usijumlishe theluji mpya juu ya ya zamani. Iliyoanguka yenyewe sehemu kubwa ni hewa: cm 10 zake ukiziyeyusha unapata maji ya kama cm 1. Mashine ya kusawazisha ikishapita, zinabaki cm 2 au 3. Watu wanaona "mpya cm 10" wanakimbia kujaza mafuta.

Cha kuangalia ni usiku uliopita. Afriski kilele chake ni mita 3,222, na njia kuu ya kuteleza ina urefu wa takriban kilomita moja. Theluji ya mawinguni kule huja na kuondoka, hivyo msimu wao wa Juni hadi Agosti unategemea zaidi mashine. Jibu la swali lako la tatu liko hapo.

Mashine inapuliza matone madogo sana ya maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa. Tone lina sekunde chache tu angani, na linatakiwa kuganda kabla ya kugusa ardhi. Joto linalitoka kwa njia mbili: hewa baridi inayolizunguka, na sehemu ya tone lenyewe kugeuka mvuke. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya mtungi wa maji hapa Dodoma mwezi wa nane: hewa kavu, maji yanapoa yenyewe. Upeleke mtungi uleule Tanga wakati wa masika uone kama utapoa. Kwa hiyo mafundi hawaangalii joto la kawaida, wanaangalia joto la balbu nyevu, yaani kipimajoto chenye kitambaa kilicholowa. Likishuka chini ya takriban -2.5 wanaweza kuwasha. Kuanzia -6 kwenda chini ndipo inatoka theluji kavu na nyingi.

Piga hesabu: hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 30, balbu nyevu inasoma karibu -5. Wanapuliza. Hewa ya -2 yenye ukungu mzito, balbu nyevu inabaki karibu hiyohiyo -2. Wanazima, ingawa wewe uliyesimama nje unatetemeka. Upepo nao unazima mashine, kwa sababu theluji inatua kwenye majani badala ya kwenye njia.

Na hata usiku mmoja mzuri haujazi mlima. Mteremko wa mita 1,000 kwa 30, unene wa cm 30, ni meta za ujazo 9,000 za theluji. Hizo ni karibu lita milioni 4 za maji, maboza 400 ya lita 10,000. Theluji hiyo inaachwa kwanza kwenye vichuguu saa kadhaa ili maji yaliyobaki yachuje, ndipo inasambazwa. Ikisambazwa mbichi inaganda na kuwa bamba la barafu, na bamba hilo linakaa siku nyingi.

Kanuni yangu: usiku mbili mfululizo za anga wazi, hewa kavu na upepo mdogo, panda. Usiku wa mawingu na vuguvugu ukifuatwa na baridi ya ghafla alfajiri, wale wanne wageni wabaki chini.

---

Fundi_Kamba

Nashika swali la pili, maana watu wengi wanadhani lifti ikisimama basi theluji imeisha au mtambo umekufa.

Lifti kubwa pale si ya viti. Ni ya kukokota: kamba ya chuma inazunguka juu ya nguzo, na kutoka kwenye kamba hiyo zinaning'inia fimbo zenye umbo la T, kila moja na kamba yake ndogo iliyojikunja ndani ya ngoma ya springi. Wewe unasimama juu ya skii zako, fimbo inakusukuma nyuma ya mapaja, unapanda ukiteleza juu ya theluji.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Lifti ya viti haijali kilichopo chini yake, ya kukokota lazima iwe na njia ya theluji kutoka chini hadi juu bila kukatika. Skii za mamia ya watu zinapita mstari uleule siku nzima, zinauchimba. Jiwe au udongo ukitokea sehemu moja, wanasimamisha mpaka theluji iletwe na kushindiliwa. Kwa hiyo mteremko unaweza kuwa na cm 40 na lifti imesimama. Sentimita zile hazikupimwa kwenye njia ya lifti.

Sababu ya pili ni ukungu unaogandia kwenye kamba na magurudumu ya nguzo. Barafu hiyo lazima igongwe itoke kabla ya kuwasha, la sivyo kamba inaweza kuruka kutoka kwenye magurudumu. Kila nguzo ina swichi ndogo ya usalama. Kamba ikihama kidogo tu, swichi inakatika na mtambo wote unazima wenyewe. Kuwasha tena si kubonyeza kitufe: fundi anatafuta nguzo iliyokata, anapanda, anakagua, anarudisha. Nusu saa imekwenda.

Upepo unaisumbua kidogo kuliko ya viti, kwa sababu abiria yuko ardhini. Kwenye milima yenye lifti za viti, kwa kawaida wanaanza kusimamisha upepo ukifika kati ya km 50 na 70 kwa saa, na upepo wa ubavuni ni mbaya kuliko wa mbele. Kwenye ya kukokota tatizo ni fimbo tupu kupeperushwa na kujizungusha kwenye kamba.

Sasa maneno ya taarifa. Ikiandikwa imepangwa kufunguliwa, hiyo ni nia tu, imeandikwa alfajiri kabla mtambo haujazungushwa mtupu na breki kujaribiwa. "On hold" maana yake wafanyakazi wapo kwenye kituo na wanasubiri kitu: jua, upepo, theluji. Angalia tena kila nusu saa. Ikiandikwa imefungwa kabla ya saa tatu asubuhi, siku hiyo kalale.

---

Kizota_Juu

Kwani Kilimanjaro theluji haipo mpaka mwende Lesotho?

---

Fundi_Kamba

Ile ni barafu ya karibu na mita 5,800, mkuu, ndani ya hifadhi, na hakuna lifti. Ukiteremka mara moja unapanda tena kwa miguu siku nzima.

---

Mama_Zabibu

Ndugu Nzuguni, kwenye swali lako la nne, la muda, mimi sikubaliani na watu wanaosema wahini mlango ukifunguliwa. Kwa wale wawili wanaojua, sawa: asubuhi njia imetoka kusawazishwa, ina mistari mizuri, imekaza. Mgeni wa theluji asubuhi hiyohiyo anateleza kwa kasi asiyoiweza na akianguka panauma. Julai jua la kule linapita kaskazini kama hapa kwetu, ila chini zaidi, hivyo mteremko unaotazama kusini unatunza theluji na unachelewa kulainika. Wageni waanze kama saa nne na nusu, waache kama saa nane, kabla haijawa uji. Theluji ya uji inashika skii na ndiyo inayopinda magoti, hasa mtu akishachoka.

Lakini fikeni mapema kwa ajili ya buti. Foleni ya kukodi vifaa ndiyo inayokula asubuhi. Saizi inahesabiwa kwa sentimita za mguu, si namba ya kiatu, basi pimeni nyumbani: kisigino ukutani, pima mpaka kidole kirefu. Buti liwe la kubana, vidole viguse mbele ukisimama wima na viachie ukikunja magoti. Soksi moja tu, ndefu. Mbili zinabana damu na mguu unakufa ganzi. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu ili akaze kishikio kinachofunga buti kwenye skii. Anayedanganya uzito kwa aibu, skii haitamwachia akianguka au itamwachia katikati ya mteremko.

Jinzi hapana. Inalowa ndani ya nusu saa na haikauki. Suruali isiyopitisha maji, glavu zisizopitisha maji, helmeti, miwani ya jua. Mafuta ya kuzuia jua ni ya lazima hata kwa ngozi yetu: miale inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 usoni kutokea chini. Pakeni chini ya kidevu na puani.

Hewa ya mita 3,200 ina oksijeni ya kama theluthi mbili ya ile ya Dar. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushee, inasaidia kidogo tu. Siku ya kwanza msijimalize. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaongezeka, mtu ashuke, asipewe chai ya tangawizi na kuambiwa avumilie.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu asubuhi ya lifti ni saa nne ya Dodoma. Anayevaa saa ya mkono aibadilishe.

---

Nzuguni_B

Asanteni sana, hasa hiyo ya njia ya lifti kuchimbika, sikuwahi kuifikiria. Mawili ya mwisho: mgeni anapandaje hiyo fimbo ya T? Na barabara ya kupanda inapitika na gari ndogo?

---

Fundi_Kamba

Panda wawili wenye urefu unaokaribiana, la sivyo fimbo itamkaa mmoja kwenye makalio na mwingine kwenye magoti. Fimbo za mkononi zote ziwe mkono wa nje, geuka uangalie fimbo ya T inavyokuja, iache ikae chini ya makalio. Usikae. Springi itarefuka na utaketi kwenye theluji. Hilo ndilo kosa la kila mgeni. Simama, magoti yalegee, skii mbili sambamba ndani ya mfereji. Ukianguka, achia fimbo, jibingirishe utoke njiani upesi kwa sababu wenzako wanakuja nyuma. Juu, achia kwenye alama, si kabla, na usiirushe pembeni. Anayeteleza kwa ubao mmoja (snowboard) badala ya skii afungue mguu wa nyuma, fimbo ikae nyuma ya paja la mbele.

Lakini siku ya kwanza wale wanne wakae mteremko wa wanaoanza.

---

Singida_Road

Barabara ni A1, lami. Mnavuka mpaka Caledonspoort. Mwombeni mwenye gari barua ya kuvuka nayo kabla ya kuondoka Johannesburg, mpakani wanaidai. Randi inapokelewa Lesotho sawa kwa sawa na loti, pesa yao. Toka Butha-Buthe mnapanda kona kali za Moteng, mita 2,820, kisha Oxbow, kisha Mahlasela.

Butha-Buthe iko chini ya Afriski kwa zaidi ya mita 1,200, na joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Kukinyesha mvua ya nyuzi 6 hotelini, juu ni theluji barabarani. Siku kavu gari ndogo inapanda. Barafu hubaki kwenye kona zenye kivuli hata lami nyingine yote ikiwa kavu; ingia kona hizo kwa gia ndogo, usikanyage breki katikati. Kushuka ni kwa gia ya pili au ya kwanza.

Minyororo ya tairi inafungwa kwenye magurudumu yanayovuta. Gari ndogo nyingi ni ya mbele. Ifungeni mahali tambarare kabla ya mlima, baada ya mita 100 simameni muikaze tena, msizidi km 40 kwa saa, na mkifika lami kavu itoeni, itakatika. Ulizeni kama kwenye rejeta kuna maji ya kuzuia kuganda, si maji ya bomba. Mkipewa ya dizeli, ikilala juu kwenye baridi mafuta ya kawaida yanatoa nta na kuziba chujio. Chukueni ya petroli.

Mkiegesha juu msivute breki ya mkono, inaweza kuganda ikashika. Wekeni gia, jiwe nyuma ya tairi, na wipa ziinuliwe zisigandie kwenye kioo.