Mhariri, ukurasa wa mbele mmeuuza; sisi wa Masasi tupige kura kwa kusoma nini?

Wakuu, heshima zenu. Jambo hili nimekaa nalo tangu kampeni zilizopita, na nimeona nisipoliandika litanikaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Masasi, mkoani Mtwara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua gazeti moja la Dar es Salaam ambalo sitalitaja. Huku kwetu gazeti haliji asubuhi. Linakuja na basi na mara nyingi linateremshwa standi alasiri, wakati redio zimekwisha kusoma vichwa vyake vya habari tangu alfajiri. Kwa hiyo mkulima wa kijijini, ambaye pengine hatalishika gazeti hilo mwaka mzima, anajua kilichoandikwa ukurasa wa mbele na hajui kabisa kilichomo ndani. Wahariri wanalifahamu hilo kuliko mimi.

Siku chache kabla ya kupiga kura, muuza magazeti aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Leo hakuna gazeti, kuna bango." Nilidhani anatania. Ukurasa wote wa mbele ulikuwa picha ya mgombea mmoja aliyenyoosha mikono, na juu yake maneno ya kwamba kusini imekwisha kumhakikishia ushindi, yakiwa yamepangwa kwa herufi na rangi zilezile za habari za kila siku. Neno "Tangazo" lilikuwepo, sikatai, ila lilikuwa pembeni chini, dogo kama masharti ya bahati nasibu, na nililiona baada ya kuvaa miwani. Redio niliyoisikiliza asubuhi ile haikulisoma neno hilo. Ilisoma kichwa cha habari.

Ukurasa wa 7 ndio ulionikera zaidi, kwa sababu uliripoti mkutano wa kampeni za ubunge ambao mimi mwenyewe niliuhudhuria. Siku hiyo wagombea wawili walihutubia katika uwanja uleule, mmoja saa nane na mwingine saa kumi. Mwandishi alifika kwenye gari la msafara wa yule wa kwanza, akala nao chini ya mwembe, akaondoka nao. Wa pili aliulizwa na wakulima kuhusu salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, iliyochelewa hadi mikorosho ikaungua maua, na kuhusu makato katika stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, akajibu karibu nusu saa. Mengine aliyajibu vizuri, mengine hovyo. Gazetini hakupata hata mstari mmoja. Hata yale majibu ya hovyo tulistahili kuyasoma, maana ndiyo yangetusaidia kumpima.

Nilipiga simu chumba cha habari. Mhariri wa zamu aliniambia, kwa upole kabisa, "Mzee wangu, nafasi ni ndogo na kampeni ni nyingi." Nafasi ya bango zima ilipatikana wapi?

Najua waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na nauli hawapewi, hivyo anayewapakia ndiye anayeandikwa. Najua pia hofu ya vyumba vya habari: mwaka 2017 gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa miezi 24, na Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni, ambayo ilirejeshwa Februari 2022. Lakini hakuna waziri aliyewaamuru kulivalisha tangazo nguo za habari. Hilo mmelifanya wenyewe, kwa fedha.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992 nilikuwa darasani. Tulikuwa na Uhuru la chama na Daily News la serikali, na kila msomaji alijua nani anasema, hata kabla ya kufungua. Magazeti binafsi yalipoongezeka kuelekea uchaguzi wa 1995 tulifurahi, tukiamini kwamba sasa mgombea ataulizwa maswali na mtu asiye wa chama chake. Leo nakiri kwamba lile la chama lilikuwa na uungwana zaidi, kwa kuwa halikujificha.

Wala huku si mahali ambapo matokeo yanajulikana kabla ya kura. Mwaka 2015 majimbo ya Mtwara Mjini na Tandahimba yalikwenda kwa chama cha upinzani, CUF. Mwaka 2018 bei ya korosho ilishuka hadi serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia maghalani. Mwaka huohuo zile asilimia 65 za ushuru wa korosho zinazouzwa nje, zilizokuwa zikirudi kwenye zao, ziliondolewa. Mgombea yeyote anayekuja Masasi alipaswa kuulizwa msimamo wake kuhusu fedha hizo na jibu lake lichapishwe kwa jina lake. Nimepekua nakala zangu za kampeni nzima, nimekuta picha za pikipiki, fulana na umati. Swali hilo sikuliona hata mara moja.

Barua yangu kwa mhariri haikutoka. Nakala ya siku ile ninayo, nimeihifadhi pamoja na miwani. Ninachotaka ni masahihisho, yachapwe ukurasa uleule wa mbele, kwa herufi za ukubwa uleule, ili redio nazo ziyasome asubuhi.