MREJESHO: Kina mama wa mwani wamekubali

Ndugu zangu, niliuliza nifanyeje ili kikundi cha kina mama hapa Jambiani, Zanzibar, wakubali kutengeneza sabuni ya mwani, badala ya kuuza mwani mkavu tu kwa kilo. Wengi mlisema niache mikutano, nianze na wakubwa wao kwa umri.

Nikaenda kwa bibi mmoja aliyeanza kulima miaka ya 1990. Akaniambia, "Mwanangu, mwani mnene umetufia bahari ilipopata joto, nawe waniletea jambo jipya?" Nikanyamaza, nikamsaidia kuanika. Siku ya tatu akaniuliza mwenyewe hiyo sabuni inapikwaje. Tukasaga mwani, tukachanganya na mafuta ya nazi, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) na karafuu kidogo, tukaiacha wiki nne ikauke.

Yeye ndiye aliyewaita wenzake, si mimi. Sasa wanapika kumi na mmoja, na kila kipande kina jina la kijiji. Hilo jina limewagusa kuliko pesa, maana miaka yote wageni wanapiga picha mashamba yetu bila kuuliza ni ya nani.

Nyumba za wageni mbili tu ndizo zinaiuza mpaka sasa. Tunaendelea kubisha hodi. Asanteni sana, hasa mliosema nianze na wakubwa.