Tupeane uzoefu: mtoto abaki Kayumba au ahamie shule ya Kiingereza?

MamaTabata
Wakuu, habari za jioni. Kila ikifika Oktoba, fomu za mwakani zikianza kutoka, nyumba nyingi Dar zinagawanyika: baba anataka mtoto abaki shule ya serikali ya mtaani, yaani Kayumba, mama anataka binafsi ya Kiingereza, au kinyume chake. Naomba wanaozijua shule hizi kwa ndani waseme nini hasa kinawaondoa wazazi, nini kinawabakiza, na cha kukagua kabla hujalipa hata shilingi. Tuweke mambo ya kufanyia kazi.

ChakiNyeupe
Msongamano ndio sababu ya kwanza, na wazazi hawajakosea. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa chumba, lakini pembezoni mwa jiji vyumba vingi vinabeba mara mbili ya hapo. Anayeumia zaidi ni wa darasa la kwanza na la pili. Kipindi chao ni dakika 30. Mkiwa na watoto 100, kila mmoja anaangukiwa na sekunde 18 za mwalimu, na kusoma hakufundishwi kwa kuitikia kwa pamoja. Mtoto lazima asikilizwe peke yake.

Kwa hiyo usianze na ada, anza na mtoto. Chukua maandishi ambayo hajawahi kuyaona, si kitabu chake cha shule, maana hicho anaweza kuwa amekikariri. Mpe aya moja yenye maneno kama nywele, ng'ombe, mbwembwe, kung'ang'ania. Akimaliza, muulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Akisoma bila kukwama na akajibu, msongamano haujamdhuru, na sababu kubwa ya kumhamisha imepungua. Akikwama kwenye silabi hizo, kumpeleka shule ya Kiingereza hakutamtibu. Atabeba matatizo mawili: hajui kusoma, na hajui lugha anayosomeshwa. Mpe kwanza dakika 20 za kusoma Kiswahili kila jioni mpaka afunguke.

MjumbeKamati
Naongezea upande wa pesa za shule za serikali, kwa sababu watu wengi wanaondoka wakiwa na hasira na michango. Tangu 2016 kuna sera ya elimu bila malipo, lakini ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati yake ni ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 1,000 inapata 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi za chaki, mitihani, matengenezo na karatasi. Ndiyo maana uji na mlinzi vinarudi kwa wazazi. Mchango halali unapita kwenye mkutano wa wazazi na kuandikwa kwenye muhtasari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu hujalipa. Ukitaka kujua shule inaendeshwaje, tazama ubao wa matangazo: mapato na matumizi yamebandikwa au la? Halafu nenda vyooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na maji yawepo. Kuna wasichana wa darasa la sita na la saba wanaokosa masomo kwa sababu ya vyoo, na hili linaniuma kwa sababu mkutano mmoja wa wazazi wenye nia unaweza kulimaliza.

MhasibuWaShule
Upande wa pili sasa. Ada iliyoandikwa kwenye bango la shule si gharama ya shule. Chukua mfano: ada 1,800,000 kwa awamu nne, gari 80,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, vitabu na madaftari 300,000, sare na sweta na nguo za michezo 150,000. Umefika 3,050,000, na bado hujalipia safari za mafunzo, mahafali wala kambi ya darasa la mtihani. Piga hesabu hiyo kwa miaka yote iliyobaki, kisha jiulize kama unaiweza hata mwaka ambao biashara imelala.

Dai haya kwa maandishi kabla ya kulipa fomu: ada inapandaje mwaka hadi mwaka, gari linamchukua mtoto saa ngapi, na kuna wastani gani wa kupanda darasa. Gari ni jambo la kulitazama kwa makini. Mtoto anayeishi mwisho wa ruti, yaani wa kwanza kuchukuliwa, anaamka saa kumi na nusu alfajiri na kushushwa saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa miaka sita hawezi hivyo siku tano mfululizo na bado ajifunze. Anayeahidiwa bweni kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne akatae, kwa sababu serikali ilisitisha bweni kwa umri huo tangu Machi 2023.

BabaJunior_Kigamboni
Na aliyeshindwa ada katikati? Wengi wanarudi Kayumba darasa la tano au la sita. Na anayemalizia Kayumba atamudu vipi sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza?

ChakiNyeupe
Anarudi, lakini ajiandae. Hata mwenye akili nzuri anahitaji msaada hapo, kwa sababu maneno yamebadilika. Mtoto amezoea LCM, sasa karatasi inasema kigawe kidogo cha shirika, KDS. GCF ni kigawo kikubwa cha shirika, KKS. Kwenye sehemu, yaani fractions, kuna asili (denominator) na kiasi (numerator), kuna sehemu guni (improper fraction). Kwenye sayansi anakutana na usanisinuru, yaani photosynthesis. Mwandikie daftari la istilahi, safu mbili, maneno kumi kwa siku, na umpe mitihani ya nyuma ya darasa la saba ya Kiswahili. Fanya hivyo likizo ya Desemba, usisubiri afungue shule.

Kwa wanaokwenda upande wa Kiingereza, wakati mzuri ni awali, la kwanza au la pili. La nne ni baya, kwa sababu mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa na mtoto atakuwa bado anatafsiri kichwani.

Mtaalamu_wa_Fomu
Hatua za uhamisho, maana hapa ndipo watu wanapokwama:

Anza shule unayokwenda, mwalimu mkuu akuthibitishie nafasi. Ndipo urudi shule unayotoka na cheti cha kuzaliwa, ueleze sababu, uombe uhamisho. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na uhamisho usipofanyika kwenye mfumo, mtoto anakaa dawati jipya huku jina lake liko shule ya zamani. Haligunduliki mpaka wakati wa kusajili mtihani. Baada ya wiki mbili nenda shule mpya ukaombe kuoneshwa jina kwenye orodha yao ya PReM, si kwenye daftari la mahudhurio. Linganisha herufi za majina na cheti cha kuzaliwa hapohapo. Ukihama halmashauri, pitia pia ofisi ya Afisa Elimu Msingi. Na usihame ukiwa darasa la mtihani usajili ukishapita.

MjumbeKamati
Kuna njia ya kati ambayo wazazi wanaisahau: shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio, Bunge na Diamond. Wazazi wanachangia, lakini ni kidogo sana kuliko gharama za binafsi. Shida ni nafasi, kwa hiyo fuatilia mapema. Na mwenye mtoto asiyeona asikimbilie shule binafsi isiyo na mwalimu wa nukta nundu wala mashine zake. Shule ya Uhuru Mchanganyiko ni ya serikali na ina kitengo cha wasioona.

ChakiNyeupe
Moja muhimu kwa wenye watoto wa madarasa ya juu. Walioingia la tatu mwaka 2024 wako kwenye mtaala mpya na wanamaliza la sita 2027. Walioingia la nne mwaka huohuo wako kwenye mtaala wa zamani na wanamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Wote wanagombea kidato cha kwanza 2028. Ukimhamisha sasa, uliza kwa jina: darasa hili liko mtaala upi? Shule ikimrudisha darasa moja nyuma mtoto wa kundi hili la pili, hajachelewa kumaliza, ila amebadilishiwa mtaala mzima, na vitabu vya mwaka jana havimfai tena.

MamaTabata
Nashukuru sana. Nimeona swali la Baba Junior kuhusu sekondari kwa Kiingereza limebaki bila jibu.

ChakiNyeupe
Wa Kayumba wanayumba kidato cha kwanza kwa sababu kila kitu kinageuka Kiingereza kwa siku moja. Mtaala mpya umeanza Kiingereza darasa la kwanza, lakini kipindi peke yake hakitoshi. Miezi ile kati ya mtihani wa Septemba na Januari ndiyo ya kutumia: vitabu vya kidato cha kwanza vya Biolojia na Hisabati, ukurasa mmoja kwa siku kwa sauti, na kila neno gumu aliandike na maana yake kwa Kiswahili.