Msaidizi haoni viti vya basi, na mimi naviona

Mpimaji wa Mwembe Tayari

Salaam aleikum jamani. Kazi yangu ni kupima tovuti ya kukatia tikiti za basi. Ofisi iko ghorofani Mwembe Tayari, pale makanga wanapoanza makelele kabla sijawasha kompyuta. Nina majaribio arubaini na kitu niliyoandika kwa Playwright, programu inayoendesha kivinjari yenyewe kama mtu anayebofya, na kila kijana wetu wa kurasa akigeuza kitufe cha "Endelea" kikawa "Kata Tikiti", asubuhi yake nakuta sita yameanguka.

Juzi nikamuunganisha msaidizi wa akili unde na kivinjari kupitia Playwright MCP, daraja linalomwezesha msaidizi kukiendesha kivinjari mwenyewe. Kuunganisha hakukunisumbua: mistari michache kwenye faili ya mipangilio, ile amri ya npx @playwright/mcp@latest, na Chrome ikafunguka yenyewe. Nikamwandikia kwa Kiswahili changu hiki hiki: kata tikiti ya Malindi, kesho asubuhi, kiti cha dirishani. Akajaza Kutoka, akajaza Kwenda, akachagua tarehe. Nilikuwa na hamri mkononi, nikasahau kula.

Kufika kwenye ramani ya viti, akasimama. Ati ukurasa huu hauna viti. Viti hivi hapa, vya kijani viko wazi, vyekundu vina wenyewe! Nikamhimiza. Akaandika mwenyewe anwani ya ukurasa wa malipo, akaviruka viti vyote, kisha akaniripotia kwamba jaribio limefaulu. Limefaulu wapi, na abiria hana pa kukaa?

Je, nimwashie ile hali ya kutumia picha, au kuna pahali nimekosea?

Fundi wa Kisauni

Dadangu, hujakosea. Kasoro iko kwenye ukurasa wenu.

Playwright MCP kwa kawaida haimpi msaidizi picha ya skrini. Inampa maandishi, yaani mti wa ufikivu, unaofanana na ule ambao kivinjari huzipa programu zinazomsomea asiyeona. Humo kila kitu kina kazi yake, jina lake na nambari yake, mfano button "Tafuta Basi" [ref=e21]. Akitaka kubofya anaitaja e21, basi. Sasa wewe bofya kiti kwa kitufe cha kulia cha panya, uchague Inspect. Nabashiri utakuta canvas moja tu, yaani ubao wa kuchorea ndani ya ukurasa, na viti vyote ni rangi iliyopakwa ndani yake. Kwenye ule mti hakuna kiti hata kimoja, kwa hivyo alipokwambia haoni viti alisema kweli. (Kuruka hadi malipo ni utundu wake, hilo simtetei.)

Fanya hivi bila msaidizi yeyote: weka panya kando, utembee kwa Tab peke yake mpaka kwenye kiti. Ukishindwa, jua na abiria asiyeona hajawahi kuweza kujikatia tikiti kwenu.

Hali ya picha ipo, unaongeza --caps=vision, naye anabofya kwa vipimo vya x na y. Itakuvusha leo. Siku mtu akibadilisha upana wa dirisha, atabofya kiti cha jirani. Mwambie kijana akitengeneze kila kiti kiwe button halisi yenye aria-label, yaani jina linaloonekana kwenye ule mti: "Kiti 14, dirishani, kiko wazi".

Mzee wa Majengo

Binti yangu, msikize Fundi. Mie naongeza moja. Huyu msaidizi usimfanye mpimaji wa kila siku. Leo atapita njia hii, kesho ile, na kila ukurasa anaousoma unalipia tokeni, vile vipande vya maneno anavyohesabiwa. Mwache atangulie kupekua. Akikata tikiti sawasawa mara moja, mwambie aandike alichofanya kiwe faili ya jaribio, kwa getByRole na getByLabel, zinazotafuta kitu kwa kazi yake na jina lake, wewe uisome mstari kwa mstari, halafu iendeshwe na npx playwright test, yeye hayumo. Hapo hana nafasi ya kuruka viti.

Na uangalie unamfungulia wapi. Kivinjari chake huendelea kukumbuka ulikoingia kwa nywila hata ukikifunga, isipokuwa uweke --isolated. Mie nilimwacha kwenye tovuti halisi ya mteja mmoja, nikaenda kuswali Ijumaa. Narudi, ameshika viti kumi na moja vya basi la saa mbili usiku, wiki ya Idd. Konda alinipigia simu. Aliyoniambia siyaandiki hapa.

Kijana wa Likoni

Kwa upande wa M-Pesa usijisumbue. PIN inaingizwa kwenye simu, haipiti kwenye kivinjari, hawezi kuifikia na asiifikie. Sisi seva yetu ya majaribio imeunganishwa na mazingira ya majaribio ya Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Kwenye majaribio ya kivinjari, ukurasa ukiuliza seva "ameshalipa?", page.route, amri ya Playwright ya kudaka maombi ya ukurasa, inadakia na kujibu "ameshalipa".

Mpimaji wa Mwembe Tayari

Nimerudi. Ilikuwa canvas, Fundi. Kijana wetu wa kurasa alininunia siku mbili, ati ile ramani ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote, lakini ameiandika upya. Jana magharibi ule mti ukanitolea mistari kama hii, mmoja chini ya mwingine:

button "Kiti cha mbele, dirishani, kiko wazi" [ref=e64]
button "Kiti 1, dirishani, kiko wazi" [ref=e65]

Mzee, nimeweka --isolated, na tuko kwenye seva ya majaribio, konda wako alale salama.

Nikampa ombi lile lile la kwanza. Safari hii hakusita. Alichukua kiti cha kwanza cha dirishani alichokiona kwenye orodha, akafika mpaka malipo kwa njia halali. Nikaifungua tikiti kuitazama. Kiti cha mbele kabisa, upande wa kulia, dirishani. Cha dereva.

Nikadhani ni kosa la ramani mpya. Nikafungua ile ya zamani, nikabofya kwa mkono wangu pale pale kwenye usukani, palipopakwa rangi ya kijivu. Kilikuwa kinauzwa siku zote.